Shajara ya mradi: chanjo hai inayopita njia ya maradhi

Januari

Mwaka huu klabu ya sayansi ya skuli yetu hapa Unguja imechagua mada moja na itakaa nayo hadi siku ya maonyesho: chanjo zinazotengenezwa kwa bakteria walio hai lakini waliodhoofishwa, ambazo mtu huzinywa au hupuliziwa puani badala ya kudungwa. Nitaandika hapa kila hatua ili walimu wa skuli nyengine wanaotaka kuifanya kazi hii wapate pa kuanzia.

Mada imetokana na kipindupindu. Mwanzoni mwa 2009 wakaazi zaidi ya 48,000 wa Unguja na Pemba walilengwa kwa chanjo ya kunywa, na karibu nusu yao wakapata dozi zote mbili. Chumbuni na Mwambe wapo wazee wanaoikumbuka ladha yake. Haikuwa chanjo hai: ndani yake mlikuwa na vibrio, yaani bakteria wa kipindupindu, waliokwisha kuuawa pamoja na kipande cha sumu yao kisichodhuru. Matokeo yalichapishwa 2012. Waliokunywa dozi mbili walikingwa kwa kiasi cha asilimia 79, na pale walipochanjwa wengi hata majirani ambao hawakunywa walipata unafuu.

Nilipoyaeleza haya darasani, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akauliza: "Mwalimu, kwa nini ile ilinywewa, na ya pepopunda inadungwa?" Swali hilo ndilo mradi wetu. Jibu linaanza na mahali adui anapoingilia. Wadudu wa pepopunda huingia kwa kidonda, na sumu yao husafiri mwilini. Vibrio wa kipindupindu haingii hata kwenye damu. Anashika ukuta wa utumbo mwembamba, anatoa sumu yake hapo hapo, na maji ya mwili yanamwagika. Kingamwili zilizojaa kwenye damu zina kazi ndogo mahali ambapo adui hafiki. Zinatakiwa zile zinazokaa juu ya utando wenyewe, kwenye ute.

Sharti moja tumeliandika ukutani kabla ya kugusa kitu: hatuoteshi bakteria wa maradhi yoyote. Kila jaribio letu litatumia vitu vya dukani, vya jikoni na vya buchani.

Februari, wiki za mwanzo

Tumeanza na namna ya kudhoofisha. Nilifikiri kipindi kimoja kitatosha, lakini wanafunzi hawakutaka kuondoka hapa, na mimi pia sikutaka.

Ubao wa kwanza wa maonyesho ni wa BCG, chanjo ya kifua kikuu. Albert Calmette na Camille Guérin, katika Taasisi ya Pasteur mjini Lille, Ufaransa, walichukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe wakawaotesha juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na glisarini. Kila baada ya wiki tatu hivi waliwahamishia kwenye viazi vipya. Walianza 1908, wakaendelea hata mji ulipokuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kufikia 1921 walikuwa wamehamisha mara 230. Bakteria waliotoka huko hawakuweza tena kuua mnyama. Hakuna aliyejua wamepoteza nini. Jibu lilipatikana miongo mingi baadaye, sayansi ya jeni ilipokomaa: kuna vipande vizima vya jeni walivyoviacha njiani.

Darasa zima lilinyamaza niliposema kwamba BCG, ambayo karibu kila mmoja wao ana kovu lake, ilianza kama chanjo ya kunywa. Mtoto wa kwanza aliipata Paris mwaka 1921 kwa mdomo. Calmette aliamini kuwa kifua kikuu huanzia utumboni, kwa hiyo alitaka kinga ijengwe huko. Kisha ikaja 1930, mjini Lübeck, Ujerumani. Katika maabara ya huko chanjo ilichanganyika na bakteria wakali wa kifua kikuu, na watoto zaidi ya 70 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa BCG haikurudia ukali wake. Kosa lilikuwa la kuchanganya. Lakini hofu ilishaingia, na miaka iliyofuata kudunga kwenye ngozi ndiko kulikotawala karibu kote. Brazil waliendelea kuinywesha kwa miongo kadhaa zaidi.

Nimewaambia wanafunzi waliandike tukio la Lübeck kwa herufi kubwa kama zile za mafanikio. Anayeeleza chanjo hai na kuificha habari hii hatendi haki.

Februari, mwishoni

Ubao wa pili: homa ya matumbo. Hapa bakteria hawakuhamishwa kwa miaka. Walitiwa kemikali inayovuruga jeni ovyo, kisha wakachaguliwa wanaofaa. Ndivyo René Germanier na Emil Fürer walivyoipata chanjo ya Ty21a mjini Bern, Uswisi, na kuitangaza 1975. Bakteria huyu amekosa kimeng'enya cha kugeuza galaktosi, aina ya sukari. Akipewa galaktosi kidogo anaweza kujenga koti lake la nje, na koti hilo ndilo mwili unalolitambua. Ikizidi, sukari inamlimbikia ndani mpaka anapasuka. Amekosa pia ganda liitwalo Vi, ambalo bakteria mkali hujifichia.

Maelezo hayo yanapendeza, na kwa miaka kadhaa yalitosha. Kisha watafiti wakatengeneza bakteria mwengine kwa makusudi kabisa, wakamwondolea vitu viwili hivyo hivyo, wakawapa watu waliojitolea. Baadhi yao wakapata homa ya matumbo. Hiyo ni 1988. Maana yake ni kwamba udhaifu wa Ty21a unatokana na zaidi ya yale mawili. Ile kemikali ilivuruga mengi kwa pamoja. Chanjo iliyokwisha kuwakinga maelfu ilikuwa salama kwa sababu ambazo waliotaja sababu hawakuzijua zote.

Mwanafunzi mmoja alisema hilo linamtia wasiwasi. Nilimjibu kwamba usalama wa chanjo haukuthibitishwa kwa nadharia ya galaktosi. Ulithibitishwa kwa watu waliofuatwa na kuhesabiwa, miaka kwa miaka. Alilikubali jibu, lakini aliomba tuweke ubao wa njia ya tatu, ya kukata jeni inayojulikana. Tumeuweka. CVD 103-HgR, chanjo hai ya kipindupindu, ni kazi ya Myron Levine, James Kaper na wenzao katika Chuo Kikuu cha Maryland, mjini Baltimore. Walichukua vibrio wa kipindupindu wakakata asilimia 94 ya jeni ya sehemu A ya sumu, ile inayosababisha kuharisha, wakaiacha sehemu B, ile inayoshika seli na kufundisha kinga. Vilevile walimpachika jeni ya kustahimili zebaki ili maabara iweze kumtofautisha na vibrio wa mtaani. Bakteria anayeshika ukuta wa utumbo na kuzaliana, lakini amenyang'anywa silaha. Kwa dozi moja ya kunywa, watu waliojitolea Marekani kunyweshwa vibrio mkali siku kumi baada ya chanjo walikingwa kwa asilimia 90, na waliongoja miezi mitatu kwa asilimia 80. Iliruhusiwa Marekani 2016.

Machi, Ramadhani

Majaribio yamesimama, lakini maswali hayakusimama. Vidonge vya Ty21a, vilipokuwa vikitengenezwa, vilimezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula, kimoja kila baada ya siku moja, kwa maji baridi au ya uvuguvugu. Wanafunzi walikaa wakapanga mfungaji angevimeza lini. Walikubaliana: saa moja kabla ya daku. Nimeliingiza kwenye kijitabu, kwa sababu huduma ya afya isiyojua ratiba ya watu inakosa watu.

Aprili

Tumerudi kwenye meza. Jaribio la kwanza: hamira. Hamira kavu ya pakiti ni kiumbe hai kilichokaushwa, kama vile bakteria wa chanjo wanavyogandishwa na kukaushwa ili wakae kwenye kapsuli bila kufa. Tulichukua chupa tatu zenye maji na sukari na kuzivisha vibofu mdomoni. Ya uvuguvugu ilitoa povu, kibofu kikasimama. Ya maji yaliyotoka kuchemka haikufanya kitu, hata ilipoachwa mpaka ikapoa. Ya baridi ilichelewa, kisha ikaamka ilipowekwa juani. Kwa hiyo amri ya kutomeza chanjo hai kwa chai ya moto ina sababu iliyo wazi kwa macho, na friji ya chanjo ya nyuzi 2 hadi 8 pia.

Ndimu ndiyo iliyotufundisha zaidi. Wanafunzi walitarajia kuwa maji ya ndimu yangeiua hamira kama asidi ya tumbo inavyoua bakteria. Hamira ilistahimili; ilipunguza kasi tu. Badala ya kulitupa jaribio, tumelikuza. Viumbe hawalingani mbele ya asidi. Hamira na bakteria wa maziwa mgando wamezoea ukali. Vibrio wa kipindupindu ni mnyonge mno mbele yake. Katika majaribio ya zamani kwa watu waliojitolea, bila kitu cha kupunguza asidi ilihitajika idadi kubwa mno ya vibrio, hata bilioni 100, ili mtu augue. Walipopewa kwanza baikaboneti, chumvi ya kupoza asidi, milioni moja au pungufu walitosha. Kwa hiyo chanjo ya kipindupindu, iliyo hai na hata ile ya 2009, hunywewa pamoja na maji yenye chumvi ya kupoza asidi. Ile ladha wanayoikumbuka wazee wetu ilikuwa na kazi.

Mei, mwanzoni

Jaribio la kapsuli, na hili ningependa kila skuli ilifanye. Omeprazo, dawa ya vidonda vya tumbo inayouzwa kila duka la dawa, ndani ya kapsuli yake ina chembe ndogo nyeupe zilizopakwa ngozi isiyoyeyuka kwenye asidi. Tulimwaga chembe hizo kwenye glasi mbili. Moja ilikuwa na maji ya ndimu. Karatasi ya kupimia ilionyesha pH baina ya 2 na 3. Nyengine ilikuwa na maji yenye bekingi soda ya jikoni, pH ya 8 hivi. Tukaziacha kwenye joto la mchana, tukizikoroga kila baada ya dakika chache.

Kwenye ndimu chembe zilibaki nzima, ngumu kama zilivyoingia. Kwenye soda zilianza kulainika, zikafifia pembeni, zikavurugika. Mwanafunzi aliyekuwa akizichora alilazimika kuchora upya kila dakika. Hii ndiyo hila ya kapsuli za Ty21a: ngozi inayokataa tumbo na kukubali utumbo, ili bakteria zaidi ya bilioni mbili walio hai wafike pale kazi ilipo.

Tahadhari kwa mwalimu: dawa ziwe mkononi mwako tangu mwanzo hadi mwisho, na zikishatumika zitupwe mbele yako.

Mei, katikati

Tumekwenda buchani asubuhi, kabla ya utumbo kuoshwa na kukatwa. Muuzaji alitupa utumbo mwembamba wa mbuzi mchanga, akatuuliza mara mbili kama kweli hatutaki kuupika.

Tuliusuuza polepole kwa maji ya chumvi, tukaupasua kwa urefu na kuutandaza juu ya sinia. Upande ulio mkabala na pale utumbo unaposhikwa na utando wake wa mafuta, palikuwa na mabaka ya umbo la yai, yameinuka kidogo, yana rangi tofauti na nyama ya pembeni. Ukipitisha kidole unayahisi kabla hujayaona. Hayo ni mabaka ya Peyer. Mwishoni mwa utumbo mwembamba baka linakuwa refu, mkanda mzima, kwa sababu mbuzi alikuwa bado mdogo. Kwa wanyama wa aina hii mkanda huo wa mwisho hunywea wanapokomaa, na mabaka ya juu hubaki. Ya juu ndiyo yanayofanana zaidi na ya binadamu kwa kazi.

Nilikuwa nimechora mchoro wa jambo hili ubaoni miaka mingi, lakini sikuwa nimewahi kuona darasa likiinama namna ile. Juu ya mabaka kuna seli ziitwazo M. Hazina brashi ya vinyweleo kama jirani zao, na kazi yao ni kuchukua kilichopo ndani ya utumbo na kukipitisha chini, kwa seli za kinga zinazosubiri. Bakteria wa homa ya matumbo huzitumia seli hizo kama njia ya kuvamia. Bakteria wa chanjo anapita hapo hapo, anapokewa na walinzi wale wale, lakini hana nguvu ya kuendelea na safari. Ndiyo maana ya kumtumia akiwa hai na kumpitisha njia yake mwenyewe: anajipeleka.

Kinachofuata hakionekani kwenye sinia, tumekichora. Seli B zilizofundishwa kwenye baka huondoka kwa limfu, zinazunguka na damu, kisha zinarudi kwenye utando wa utumbo, kwa kuwa mafunzo ya huko yamezipa alama ya kurudia nyumbani. Zikifika hutoa kingamwili aina ya IgA, mbili mbili zilizounganishwa. Seli za ukuta huzibeba, huzivusha upande wa pili na kuziachia kipande cha kuzilinda zisimeng'enywe. Mwili hutengeneza gramu kadhaa za IgA kila siku, kuliko aina nyengine zote za kingamwili zikijumlishwa. Kazi yake kubwa si kuua. Inamshika bakteria asishike ukuta, anatoka na choo.

Baadhi ya seli hizo huenda kwenye matiti ya mama anayenyonyesha. Maziwa yake yanabeba IgA dhidi ya maradhi ya utumbo wake mwenyewe, ya nyumba na mtaa anamoishi mtoto. Wasichana wa klabu wameomba ukurasa mzima wa jambo hili, na watapata.

Juni

Ubao wa matokeo umetuletea mabishano, na nimeyaacha yaendelee.

Alexandria, Misri, mwishoni mwa miaka ya 1970: watoto wa skuli zaidi ya 32,000 katika jaribio la Ty21a ya kunywa, kinga asilimia 96. Santiago, Chile, katika miaka ya 1980, kapsuli: asilimia 67 kwa miaka mitatu. Jakarta Kaskazini, miaka ya 1990, CVD 103-HgR kwa watu zaidi ya 67,000: asilimia 14. Ndiyo, kumi na nne, kwa bakteria wa jamii ile ile aliyewakinga vizuri watu wa Marekani waliojitolea.

Si bakteria peke yake. Chanjo ya matone ya rota, virusi vinavyoharisha watoto, ilikinga asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 Malawi katika jaribio moja lililochapishwa 2010. Utumbo unaokutana na vijidudu kila siku tangu utotoni hubadilika: vinyweleo vyake hufupika, uvimbe mdogo hudumu bila maumivu. Kingamwili za mama kwenye maziwa zinaweza kuikamata chanjo kabla haijafundisha. Minyoo na lishe vinatajwa pia. Nchini Mali walijaribu dozi kubwa zaidi ya CVD 103-HgR, mara kumi ya kawaida, na mwitikio wa kinga ukapanda.

Msimamo wangu nimeuandika kwenye kijitabu bila kuuficha: chanjo ya utumbo ijaribiwe katika matumbo ya watu wanaoihitaji, mapema, si baada ya kuuzwa kwa wasafiri. Soko la Ty21a lilikuwa zaidi la watalii, na utengenezaji wake ulisimamishwa 2024. Kwa watoto wa nchi zetu kazi ya homa ya matumbo imechukuliwa na sindano ya chanjo unganishi (kipande cha ganda la bakteria kilichoungwa na protini), iliyokinga takriban asilimia 80 huko Blantyre, Malawi, kwa dozi moja. Wanafunzi wakauliza: mbona sindano imeweza? Kwa sababu bakteria wa homa ya matumbo, tofauti na vibrio, huvuka utumbo na kuingia kwenye damu, na kwenye damu kingamwili za sindano zinamsubiri. Njia ya adui ndiyo inayoamua.

Julai

Ubao mfupi wa pua: kifaduro. Majaribio kwa nyani yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kuwa waliodungwa chanjo ya vipande vya bakteria hawakukohoa, lakini walimbeba bakteria kooni na kuwaambukiza wengine. Damu ilikuwa na kinga, utando haukuwa nayo. Camille Locht na wenzake wametengeneza BPZE1, bakteria wa kifaduro aliyekatwa au kulemazwa sumu tatu, anayepulizwa puani, na kwa watu wazima imeonekana kuzalisha IgA puani. Bado ipo kwenye majaribio. Kazi hiyo imefanyika Taasisi ya Pasteur ya Lille, kule kule kwa Calmette na Guérin.

Mzazi mmoja mwenye ng'ombe bara alitukumbusha homa ya mapafu ya ng'ombe. Chanjo yake, T1/44, inatokana na kijidudu kilichopatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kudhoofishwa kwa kuhamishwa mara 44 katika mayai yenye vifaranga. Hudungwa chini ya ngozi, ilhali maradhi huingia kwa pumzi, na kinga yake hudumu mwaka mmoja hivi. Tumeiwekea kadi pembeni ya ubao wa pua.

Agosti, baada ya maonyesho

Sinia la utumbo lilivuta watu kuliko kitu chochote. Swali lililorudiwa zaidi lilitoka kwa akina mama: bakteria hai akirudia ukali? Wanafunzi walijibu kwa ubao wa Lübeck na ubao wa jeni iliyokatwa, kisha wakasema bila kuzunguka kwamba chanjo hai za namna hii hazipewi mtu mwenye kinga dhaifu sana, na kwamba antibiotiki zikimezwa wakati huo huo zinaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Bibi mmoja wa Chumbuni alisimama kwenye glasi za omeprazo muda mrefu, akasema, "Kumbe yale maji ya chumvi chumvi yalikuwa ya kuipitisha." Mwanafunzi akamjibu, "Naam, bibi, ndiyo hasa."

Yaliyobaki: ukurasa wa maziwa ya mama unachorwa, maelezo ya jaribio la kapsuli yamekamilika na yanasomwa na mfamasia wa jirani, ubao wa Jakarta unahitaji sentensi fupi zaidi, kwani wageni wengi waliusoma kama ushahidi kwamba chanjo hazifanyi kazi. Skuli ya Pemba imeomba kuazima mbao zote kabla ya mvua za vuli, na tumekubali.